7.62 Ipi?

Najua nimeadimika, na visingizio ni vile vile: kazi, foleni, umeme. Leo nimerudi na hasira, na hasira yenyewe imeanzia kwenye aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Majuzi niliandika habari ya kawaida kabisa, zile ambazo kila mwandishi wa habari za uhalifu ameshaziandika mpaka mkono unajiendea. Mkutano na waandishi, meza imefunikwa kitambaa, bunduki zimepangwa, risasi zimemwagwa pembeni kama karanga za kuuza. Nikaandika kwamba zimekamatwa bunduki mbili "pamoja na risasi 31 za 7.62". Mhariri akapitisha bila kugusa hata nukta. Kesho yake saa mbili asubuhi simu ikaita. Mjomba, kutoka Morogoro.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimesoma habari yako. 7.62 ipi?"

Nikajibu kwa kujiamini kama mtu aliyesoma chuo kikuu: "7.62 ya bunduki, mjomba."

Kimya. Halafu akasema: "Njoo Jumamosi. Uje na daftari."

Mjomba alikuwa askari wa wanyamapori kwa zaidi ya miaka 20. Si mtu wa kupiga kelele, akikasirika anazungumza polepole zaidi. Jumamosi nilipofika alikuwa ameshakaa chini ya mwembe, na mbele yake kuna gazeti langu, kalamu, chupa moja ya soda na moja ya bia, zote tupu. Akafungua somo, na nikagundua kwamba miaka yote hii nimekuwa nikiwaandikia watu namba nisiyoijua maana yake.

Kabla sijaendelea, tukubaliane maneno, maana Kiswahili chetu hapa kinatuponza kidogo. Neno "risasi" tunalitumia kwa madini yenyewe, kwa kile kinachoruka kwenda kumpiga mtu au mnyama, na kwa kitu kizima unachokiingiza kwenye bunduki. Mimi hapa nikisema risasi nina maana ya kitu kizima. Ndani yake kuna vipande vinne: ganda, baruti, fataki iliyopo kitakoni, na kichwa kinachoruka. Na chemba ni kile chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi inakaa wakati wa kupigwa. Chemba imechongwa kwa umbo la risasi moja maalumu, urefu wake, mabega yake, shingo yake. Baruti ikiwaka, ganda linatanuka na kuegemea kuta za chemba. Kuta ndizo zinazobeba nguvu yote ile, kwa sababu shaba nyembamba ya ganda peke yake haiwezi. Na chemba hiyo, msomaji wangu, iko sentimita chache tu kutoka kwenye shavu la anayelenga.

Sasa turudi kwenye 7.62. Mjomba aliandika pembeni mwa gazeti langu: 39, 51, 54. Hizo ni urefu wa ganda kwa milimita. Kuna 7.62x39, ya Warusi ya mwaka 1943, ndiyo inayotumiwa na AK. Kuna 7.62x51, waliyoikubali NATO mwaka 1954, inayotumiwa na G3 na FAL. Kuna 7.62x54 yenye ukingo kitakoni, ambayo ni kongwe kuliko zote, ya mwaka 1891, na bado inapigwa na bunduki za rasharasha za PKM mpaka leo. Hapo hatujataja 7.62x25 ya bastola ya Tokarev. Zote nne ukimuuliza mwandishi wa habari ni "risasi za 7.62". Hakuna hata mbili kati yake zinazobadilishana.

Utamu zaidi (au uchungu) ni kwamba hiyo 7.62 yenyewe si kipimo cha kichwa cha risasi hata moja kati ya hizo tatu za kwanza. Mtutu wa bunduki hizi una michirizi iliyochongwa ndani kwa kuzunguka ili kichwa kiruke huku kinajizungusha. Ukipima kutoka tuta la mchirizi hadi tuta la upande wa pili unapata 7.62, yaani inchi 0.30 kamili. Ukipima kutoka bonde hadi bonde unapata zaidi. Kichwa cha risasi ya NATO ni milimita 7.82, na cha AK ni kama 7.9. Ndiyo maana Mmarekani ana risasi ya kiraia anayoiita .308 Winchester, ya mwaka 1952, ambayo ni ndugu wa karibu kabisa wa 7.62x51. Mmoja amepima bondeni kwa inchi, mwingine amepima kwenye tuta kwa milimita, wamepata majina mawili. Wakati huo huo .303 ya Mwingereza, ambayo babu zetu waliibeba kwenye King's African Rifles, kichwa chake ni kinene kuliko cha .308! Namba ndogo, kichwa kikubwa. Kwa hiyo anayekwambia "mimi naangalia namba tu" anaangalia jina la ukoo na kudhani ameshamjua mtu.

Nikamwambia mjomba: sawa, lakini kama haiingii si haiingii? Risasi isiyo yake itagoma, mtu ataitoa, basi.

Hapo ndipo alipochukua zile chupa. Akaniambia nichukue kizibo cha soda nikiweke kwenye bia, na cha bia kwenye soda. Vikakaa vyote. "Umeona? Sasa hizi chupa ni sawa?"

Risasi inayogoma haijawahi kumuua mtu. Inayoua ni ile inayokubali.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani, na ni wa juzi tu. Mwaka 2011 wenzetu walisajili rasmi risasi inayoitwa .300 Blackout. Wataalamu wake walikuwa na nia njema kabisa: walitaka bunduki ya AR-15, inayopiga risasi nyembamba ya 5.56, iweze kupiga risasi nene kwa kubadilisha mtutu tu. Kwa hiyo kitako cha ganda ni kile kile, bolti ni ile ile, magazini ni ile ile. Kizibo cha soda na bia. Matokeo yake mtu ana bunduki mbili nyumbani zinazofanana kama mapacha, anachukua magazini isiyo yake, anakoki, na risasi ya .300 inaingia kwenye chemba ya 5.56. Kichwa kinakwama mbele, kinasukumwa kurudi ndani ya ganda kwa nguvu ya bolti, na bolti inafunga. Anabana kifyatulio. Kichwa cha milimita 7.8 kinaambiwa kipite kwenye tundu la milimita 5.7. Hakipiti. Gesi inatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni usoni kwake. Bunduki za namna hiyo zimepasuka, si mara moja wala mbili, mikononi mwa watu wazoefu wenye viwanja vya shabaha, vitabu vya maelekezo na miwani ya kinga. Sasa jiulize habari ya mgambo mwenye kandambili.

Najua kuna wataalamu wa mitandaoni watakaorukia ile mada yao kipenzi ya .223 Remington na 5.56 ya NATO, niwawahi. Risasi hizo mbili kwa nje ni kama kitu kimoja. Wamarekani, kupitia SAAMI, chombo chao cha viwango vya viwanda vya silaha, wanasema bunduki iliyogongwa muhuri wa .223 isipigiwe 5.56 ya kijeshi, ila kinyume chake ni salama. Wazungu wa Ulaya na chombo chao cha C.I.P. wanazihesabu kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo mashabiki wanashika namba: eti .223 kikomo chake ni paundi 55,000 kwa inchi ya mraba, na 5.56 ni kama 62,000, kwa hiyo ni hatari, au kwa hiyo si hatari sana. Wote wanakosea palepale. Namba hizo hazikupimwa sehemu moja ya ganda, Mmarekani anapima katikati ya ganda na NATO wanapima mdomoni. Huwezi kulinganisha uzito wa mtu aliyepimwa na viatu na wa mtu aliyepimwa bila viatu ukasema nani mnene.

Tofauti ya kweli iko kwenye chemba. Chemba ya 5.56 imeachiwa nafasi ndefu zaidi, karibu mara mbili, kabla kichwa hakijagusa michirizi. Chemba ya .223 ni fupi hapo. Risasi ya kijeshi ikiingia humo kichwa chake kinaweza kuwa kimeshagusa michirizi kabla hata ya kupigwa, hakina pa kuanzia mbio, na mgandamizo unapanda ghafla. Mara nyingi bunduki haipasuki. Kinachotokea ni fataki kung'oka kitakoni na kudondokea kwenye mashine ya kifyatulio, au ganda kunasa, na bunduki inakufa mikononi mwako wakati unapoihitaji. Ndiyo maana kuna watu "wamepiga maelfu bila tatizo" na kuna watu wamepata tatizo la kwanza. Kuna hata chemba ya kati, ya fundi mmoja anaitwa Bill Wylde, iliyochongwa ili zote mbili zikae salama. Yaani kuna mtu alikaa chini akalitatua jambo, badala ya kubishana. Tuendelee.

Maana huko kote mimi sikupanga kwenda. Hasira yangu iko kwingine.

Mjomba alikuwa na mwenzake kituoni. Sitamtaja jina wala kituo sitakitaja, na ofisi iliyohusika haitajwi humu, maana ninachotaka si kesi. Enzi hizo kituo kilikuwa na bunduki za kila kabila: .303 za Mwingereza, .375 za kuzuia tembo, Mauser za zamani, na .30-06 mbili tatu. Risasi zilikuja kutoka makao makuu kwenye gunia moja. Gunia! Maboksi yalikuwa yamelowa na kuchanika njiani, aliyezipokea akaona akusanye vyote mahali pamoja, akaandika kwenye leja: "risasi za raifo, mchanganyiko". Mwenzake mjomba alikuwa na .30-06. Alichovya mkono kwenye gunia akatoa risasi za milimita 8, za Mauser.

Sasa angalieni ukatili wa jambo hili. Ganda la 8x57 ni fupi kidogo kuliko la .30-06, unene wa tumbo unakaribia kuwa sawa kabisa. Linaingia. Bolti inafunga, labda kwa kusukuma kidogo, na askari gani hajawahi kuisukuma bolti yenye vumbi? Lakini kichwa cha Mauser ni milimita 8.2 na mtutu wa .30-06 ni 7.8. Risasi ya kwanza aliyopiga ndiyo ilikuwa ya mwisho. Bunduki ilifunguka kama ndizi. Jicho la kulia likaenda, na vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Ripoti ilikuja baada ya miezi. Mjomba anaikumbuka kwa moyo, sentensi moja tu: ajali imetokana na uzembe wa askari kutokagua silaha yake.

Uzembe wa askari. Si wa aliyenunua bunduki za aina nne kwa kituo cha watu tisa, wala wa aliyezisafirisha risasi kwenye mvua bila turubai, wala wa aliyeandika neno "mchanganyiko" kwenye leja ya serikali akapiga na muhuri. Mzembe ni yule aliyepoteza jicho. Na nani aliandika habari ile gazetini? Mwenzetu mmoja, mistari minne, "askari ajeruhiwa na bunduki yake". Bunduki *yake*. Kama vile imemng'ata kwa tabia mbaya.

Hilo ndilo ninalopinga leo, na sitalipinga kwa adabu. Katika nchi hizi tumejenga mazoea kwamba kuoanisha chemba na risasi ni jukumu la mtu wa mwisho kwenye foleni, yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote, ambaye hakuchagua bunduki, hakuchagua risasi, na mara nyingi hajapewa hata karatasi ya kumweleza. Juu yake kuna mnunuzi, mhasibu, bohari, msimamizi wa zamu, wote wanashika namba moja ya juu juu, "7.62", "12", "Mauser", na wote wana amani. Amani yao inabebwa na shavu la mtu mwingine.

Wenye kutetea watakwambia: basi asome kitako cha risasi. Jamani. Risasi ya kiraia kweli imeandikwa kitakoni, .308 WIN, .30-06 SPRG, ukisoma umejua. Ya kijeshi je? Nyingi za Kirusi na za Kichina zina namba ya kiwanda na mwaka tu. Hakuna neno hata moja linalosema hii ni ya chemba gani. Za NATO zina msalaba ndani ya duara, ambao unakueleza kwamba imetimiza viwango vya NATO, haukuelezi viwango vya risasi ipi. Habari yote iko kwenye boksi, na boksi ndilo kitu cha kwanza kutupwa. Askari anafika mlangoni anapewa mkononi, anatia mfukoni.

Au watasema aitambue kwa umbo la bunduki. Haya. Wahindi baada ya vita vyao na China vya mwaka 1962 walitengeneza pale Ishapore bunduki ya umbo la Lee-Enfield, ile ile ya .303, mbao zile zile, pua ile ile, lakini chemba yake ni ya 7.62 ya NATO. Ukiiona begani kwa mtu utaapa ni .303. Tofauti unayoweza kuiona haraka ni magazini iliyo na pembe zaidi. Umbo halitoi siri.

Na msidhani kwamba haya ni mambo mapya yanayohitaji kompyuta. Mjerumani aliyetutawala aliyajua zaidi ya miaka 100 iliyopita. Risasi yake ya mwaka 1888 ilikuwa na kichwa cha milimita 8.08. Mwaka 1905 akabadilisha, kichwa kikawa 8.2, ganda karibu lile lile, likiingia kwenye bunduki za zamani bila kuuliza. Akafanya nini? Bunduki za zamani alizozirekebisha kwa risasi mpya alizigonga muhuri wa herufi S. Herufi moja. Aliyesoma na asiyesoma wote wanaweza kuitambua herufi moja.

Na hapa kwetu, kwenye ardhi yetu hii, vita nzima ilikwenda kwa kufuata chemba. Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Schutztruppe walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 za baruti ya moshi, ukipiga moja tu adui ameshajua ulipo. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba mwaka huo, Lettow-Vorbeck aliokota mamia ya bunduki za Waingereza pamoja na risasi zake. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ikaingia ghuba ya Manza ikapigwa na manowari ya Kiingereza. Shehena ya risasi ikaopolewa kutoka majini, na zikafunguliwa, zikakaushwa, zikafungwa upya. Novemba 25, 1917 akawapiga Wareno Ngomano, akachukua bunduki zao na risasi zao. Mwaka mmoja kamili baadaye, Novemba 25, 1918, aliposalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, alikabidhi bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Bunduki za mikono za Kijerumani hazikuwa kwenye hesabu hiyo. Mtu yule alifanya mambo mengi ambayo kizazi changu hakiwezi kuyasamehe, waulizeni wapagazi waliokufa kwa njaa na ukoo wao. Lakini risasi zikibadilika, alibadilisha na bunduki. Hakumwambia askari "jaribu, huenda ikaingia".

Mwanzoni nilisema nimeanza kwa aibu, kwa hiyo wanahabari wenzangu msijifiche nyuma ya mnunuzi na bohari. Sisi ndio tunaoandika "SMG" kwa kila kitu chenye magazini iliyopinda. Nadhani jina tumelipokea kutoka kwa Wachina, ambao AK yao ya Type 56 waliiandikisha kama bunduki ndogo ya rasharasha, ingawa bunduki za kundi hilo hasa, kama Sten na Uzi, hupiga risasi za bastola. Wachina hao hao walizipa jina la Type 56 bunduki tatu tofauti: AK yao, ile ya kupiga moja moja tunayoiita SAR, na moja ya rasharasha ya kikosi. Majina matatu kwenye magazeti yetu, chemba moja, 7.62x39 zote. Kwa hiyo ganda la namna hiyo likiokotwa barabarani halikuambii ilikuwa SMG au SAR. Lakini sisi tunaandika "ganda la SMG", na kesho yake kuna kijana amewekwa ndani kwa sababu nyumbani kwao kuna SMG. Uvivu wetu una gharama kuliko tunavyodhani.

Msomaji mmoja ameshanitumia ujumbe (nilimdokeza mada hii wiki iliyopita) akiniuliza kama kuandika haya si kufundisha watu bunduki. Ndugu yangu, bunduki zipo. Mlinzi wa duka unaponunua maziwa anayo. Hujawahi kuogopa kwamba anajua mengi mno kuhusu bunduki yake.

Na kwa sababu nilishaanza kuuliza, nikaendelea kuuliza. Karibu na ofisini kwetu kuna mlinzi, kijana wa Singida, tunasalimiana kila siku. Ana shotigani, si raifo, lakini sheria ya chemba ni ile ile na pengine huko ni mbaya zaidi. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12, ukiitia kwenye bunduki ya geji 12 inateleza mpaka mbele inakwama. Mtu anadhani hakutia kitu, anaweka ya geji 12 nyuma yake. Mabomu mawili kwenye bomba moja. Ndiyo maana viwanda hutengeneza geji 20 kwa rangi ya njano. Kuna na mtego wa urefu: risasi ya inchi 3 inaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya inchi 2¾, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda likishafunguka. Likipigwa halipati pa kufungukia.

Nikamuuliza bunduki yako imeandikwa nini. Akacheka, hajawahi kuangalia. Tukawasha tochi ya simu, tukafuta vumbi mtutuni, ikatokea: 12-70. Chemba ya milimita 70, yaani hizo inchi 2¾. Nikamwomba anionyeshe risasi. Anazo mbili tu, anapokezana na mwenzake wa usiku, na mwisho wa mwezi zikirudi zote mbili hakuna kesi. Ya kwanza imeandikwa ubavuni 12/70. Ya pili imekaa mfukoni miaka mingapi sijui, maandishi yamefutika yote, imebaki rangi nyekundu iliyochakaa na kitako kinachosema 12 na jina la kiwanda.

"Kaka, hii usiitumie mpaka uijue," nikamwambia. "Muulize msimamizi wako."

Akapiga simu palepale, akaweka sauti ya nje ili nisikie. Akaeleza vizuri, kwa heshima, kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Upande wa pili kukawa kimya kidogo.

"Inaingia, haiingii?" msimamizi akauliza.

"Inaingia, mkuu."

"Sasa unanisumbulia nini?"

Simu ikakatwa. Kijana akaniangalia, akairudisha risasi mfukoni.